Anayetuuliza Aturudishie Majibu



Katika vijiji vyetu hufika vijana wa vyuo vikuu wenye karatasi za maswali. Hutafuta shahada za juu, na somo lao huitwa maendeleo. Huuliza tunalima ekari ngapi, watoto wangapi wamemaliza shule, ni nani nyumbani huchagua kipindi cha televisheni, na kama tumewahi kuchemsha maji kwa sababu ya jambo tulilolisikia redioni. Nasi huwapa kiti kivulini na kuwajibu.

Mmoja wao tulikaa naye majuma matatu. Mama mmoja alimsimulia habari za mtoto wake aliyefariki kwa kuhara, jambo ambalo hata majirani hawakuwa wamelisikia kinywani mwake. Kijana aliandika, akashukuru, akaenda zake. Tangu siku hiyo hatukumwona, wala hatukuletewa ukurasa mmoja. Bila shaka alifaulu.

Hatuyasemi haya kwa kuwachukia wasomi. Ni watoto wetu, na wengine tuliwachangia nauli. Tunachosema ni kwamba maarifa ya watu ni mali yao, na mali ikichukuliwa pasipo kutolewa hesabu, jambo hilo ni la haki kabla halijawa la elimu.

Tutazame kwanza India, kwa kuwa huko sayansi, elimu na televisheni ziliwekwa pamoja kwa kiwango kikubwa, na wachunguzi wakaketi kando kuandika matokeo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1975 hadi tarehe 31 Julai 1976, vijiji vipatavyo 2,400 katika majimbo sita vilipokea matangazo ya televisheni kutoka setilaiti ya Marekani iliyoazimwa kwa mwaka mmoja. Wazo hilo lilikuwa la mwanasayansi Vikram Sarabhai, aliyefariki mwaka 1971 kabla ya kuliona likitimia. Kila kijiji kilipewa televisheni moja ya watu wote, na sinia ya kunasa mawimbi ilitengenezwa kwa waya wa wavu, kama ule wa banda la kuku. Asubuhi watoto wa shule walifundishwa sayansi; jioni watu wazima waliketi chini kutazama habari za kilimo, afya na uzazi.

Wataalamu wa mambo ya jamii waliishi katika baadhi ya vijiji hivyo kabla ya matangazo, wakati wa matangazo na baada yake. Matokeo yao yalionyesha kwamba katika mambo ya afya wanawake na wasiojua kusoma walijifunza mengi, yaani wale wale ambao kitabu na gazeti vilikuwa vimewapita. Hapo utafiti ulitenda kazi yake njema, maana bila mtu wa kukaa pale na kuuliza, nani angalijua?

Lakini mwaka ulipotimia setilaiti ilirudishwa kwa wenyewe, na katika vijiji vingi televisheni zikabaki kimya. Watu walikuwa wamepimwa barabara. Kile walichopimiwa kikaondolewa. Ripoti zilibaki.

Katika wilaya ya Kheda, jimbo la Gujarat, njia nyingine ilifuatwa. Mtambo mdogo wa kurushia matangazo uliwekwa katika kijiji cha Pij. Watengenezaji wa vipindi walikwenda kwanza kwa wanakijiji kuuliza ni nini kinachowasumbua, kisha wakatengeneza vipindi kwa lugha ya mahali pale, na mara nyingi wanakijiji wenyewe ndio waliocheza. Hivyo yakaonekana hadharani mambo ya ujira wa vibarua na ya kudharauliwa kwa watu wa tabaka la chini. Majibu ya watu hayakwenda maktaba kwanza. Yalirudi kwao jioni, mbele ya macho yao, hata tajiri wa kijiji akayatazama. Tunadhani si kila tajiri alifurahi.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, lakini hatukukaa gizani kwa sababu hiyo. Wazee waliopo hapa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kusikiliza redio, kusoma kijitabu, kujadiliana na kisha kushika jembe kuchimba vyoo. Kipindi hakikuisha redio ilipozimwa. Hapo ndipo kilipoanza.

Katika miaka hiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, ambaye pamoja na wanafunzi wake alikataa desturi ya kumtazama mwanakijiji kama kitu cha kuchunguzwa. Walitaka mwanakijiji ashiriki kuchagua swali, kutafuta jibu na kuamua litumikeje. Mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa Bagamoyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, uliwakutanisha watafiti wa Tanzania na Finland na wakulima na wafugaji kwa mtindo huo. Utafiti shirikishi, ambao leo unafundishwa katika vyuo vya mbali, una mzizi wake mmoja katika vijiji vya nchi hii. Basi tunapodai kushirikishwa, hatuombi jambo la kigeni.

Tufanye nini mgeni wa karatasi anapobisha hodi? Tumwombe kwa adabu aonyeshe kibali chake; Tume ya Sayansi na Teknolojia ndiyo itoayo vibali vya utafiti nchini. Tumwulize ni nani anayemlipia, na majina yetu yatafichwaje. Mtu akikataa kujibu, asilaumiwe na mwenyekiti wala na sisi viongozi wa jumuiya. Zaidi ya yote, tumwombe aahidi mbele ya mkutano kwamba atarudi na kurasa mbili au tatu za Kiswahili zenye kusomeka, kwa sababu tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mama yule hataweza kuisoma habari ya mtoto wake mwenyewe. Ahadi hiyo iandikwe katika daftari la kijiji, pamoja na tarehe.

Wapo watakaosema tutawafukuza wageni kwa masharti. Mwaka jana tulimjaribu mmoja, msichana anayechunguza masomo ya sayansi katika shule za kata. Aliposikia masharti alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu, akaandika tarehe. Ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika ukumbi huu. Walimu na wazazi wa shule zile wamekwisha kuarifiwa, na yule mama amesema atakuja.