Kupiga Picha za Ndege wa Pwani huko Mida



Mtu wa Mkomani hahitaji kufundishwa habari za maji kujaa na kupwa. Lakini akitaka kupiga picha za ndege wa pwani, elimu hiyo ya wavuvi itamfaa kuliko kamera ya bei kubwa. Mahali pazuri pa kuijaribu ni hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulio karibu na Gede, mwendo wa kilomita 100 hivi kwa njia ya Mtwapa na Kilifi. Hori hilo lenye mikoko limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968.

Wageni wengi hufika maji yamekupwa, wakaona matope matupu, na ndege mbali kama punje za mchele. Hapo ndipo kosa huanza. Mwenye kamera, na zaidi mwenye simu isiyoweza kumvuta ndege aliye mbali, huvua viatu akawaendea. Ndege huruka wote kwa pamoja, naye hupata picha ya mikia.

Afadhali afike maji yakianza kujaa. Bahari ikipanda, matope hupungua, na ndege husogea kidogo kidogo kuelekea mikoko. Mpiga picha aliyekaa kimya huko, jua likiwa mgongoni mwake, huletewa ndege na maji yenyewe. Siku za bamvua maji huja kwa kasi. Basi na awahi.

Kuwafukuza ndege hawa si utovu wa adabu tu. Vitwitwi wengi waonekanao Mida huzaliwa mbali sana kaskazini, baadhi yao Siberia, na kabla ya kuondoka, mnamo Aprili, hawana budi kunenepa kwa safari ya maelfu ya kilomita. Matope huwa wazi kwa saa chache tu. Kila warushwapo hupoteza chakula na nguvu pamoja.

Ndege atafutwaye zaidi ni yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene. Huyu huzaa katika pwani za Arabuni na nchi jirani, tena kwa namna ya ajabu: huchimba shimo mchangani, akataga ndani yake yai moja jeupe. Kinda huja huku pamoja na wazazi, na ingawa ameshavuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe, bado huomba kulishwa! Mzazi akipata kaa, humpa. Hiyo ndiyo picha ya kungojewa, hata kwa asubuhi nzima. Mtu akikurupuka wakati huo, kinda hubaki na njaa, na picha hakuna.

Maji yakijaa kabisa, ndege huondoka wenyewe kwenda kupumzika mahali pakavu. Mpiga picha hufunga kamera yake, akarudi barabarani kungoja gari la Mombasa.