Tusilale na Jiko la Mkaa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha ni kuzihifadhi roho alizotupa kuwa amana.

Baridi inapoingia, hasa kwa ndugu zetu wa Lushoto, Njombe na Limuru, wako watu waingizao jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Huku pwani nako, mzazi aliyemo katika arubaini yake huenda akawekewa makaa chini ya kitanda, apate joto yeye na mwanawe. Wengi hudhani kuwa moshi ukisha, na makaa yakiwa mekundu, hatari imekwisha. Sivyo hata kidogo. Makaa yale yasiyo moshi hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, ikakijaza chumba kilichofungwa. Mtu aivutapo huingia katika damu ikachukua mahali pa oksijeni, kwani damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, akaona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke tena.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Musa Al-Ash'ari habari ya nyumba iliyoungua usiku mjini Madina, na wenyewe wamo ndani. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, aliutaja moto kuwa ni adui, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Mwenye kuifuata amri hiyo husalimika na ndimi za moto, na husalimika pia na sumu hii asiyoiona.

Basi mtu asiliache jiko chumbani, kisha yakitokea maafa akasema ni kudura tu. Kudura ni ya Mungu, na kulitoa jiko ni wajibu wetu. Mwenye nyumba alitoe nje kabla ya kulala. Mzazi na mtoto wapashwe joto kwa nguo na mablanketi. Na ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango, mtoe penye hewa safi, kisha umpeleke hospitali upesi.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zetu na waliomo, utuamshe kila asubuhi tukiwa wazima wenye kukushukuru. Amin.