Hotuba ya Mwenyekiti: Habari za Banda Lililokuwa Jaa na Sasa ni Ghala Letu

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima, ukiacha wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki. Risala ya kikundi mmeshasomewa na Katibu. Hisa, mikopo, mfuko wa jamii na mahesabu yote tangu tulipoanza mwaka 2015 yamo humo, hatutayarudia. Kamati ya sherehe imetutaka tuzungumzie jambo moja tu ambalo kila mgeni akifika hapa analiuliza: hili ghala mlilipataje, na je, ni kweli lilikuwa jaa? Ni kweli. Na Mzee mwenye ghala yupo pale mbele amekaa. Tulikwenda kwake juzi kumwomba ruhusa ya kuyasema haya hadharani. Akajibu, semeni, ila msinipunguzie. Basi Mzee, hatutakupunguzia.

Kwanza tuwaambie kwa nini tulilitaka. Sisi hapa Lushoto tunalima maharage, na maharage ya masika yanatoka wakati mmoja kwa watu wote. Mwezi wa saba kila nyumba inayo na kila nyumba inataka ada ya shule. Mchuuzi anakuja na gari lake, anashindilia lumbesa, bei anapanga yeye. Mwaka 2018 wanachama wetu waliuza debe kwa shilingi 22,000 mwezi Julai. Desemba wengine wetu tulinunua debe hilo hilo kwa shilingi 38,000 ili watoto wale. Yaani tulimwekea mchuuzi akiba badala ya kujiwekea wenyewe. Tulikaa kikao tukaona pesa za kisanduku peke yake hazitoshi, lazima tupate mahali pa kuweka mazao mpaka bei ipande. Kujenga hatukuweza.

Sasa mwenzetu mmoja, mke wa Mzee, akasema nyumbani kwake liko banda la mawe, bati zima, alilolijenga Mzee mwaka 1968. Chini lilikuwa la ng'ombe, juu dari ya kuanikia mahindi. Lakini halijafunguliwa sawasawa miaka zaidi ya thelathini. Tukaenda kulitazama. Jamani, mlango ulisogea kiasi cha kupitisha mkono tu, kwa sababu vitu vilikuwa vimeusukuma kwa ndani. Harufu ya mkojo wa panya ilitupiga tukarudi nyuma. Tulipomulika tochi tuliona magunia ya katani yamepandana mpaka darini, madebe, chupa, matairi, majembe ya UFI yasiyo na mpini, baiskeli ya Swala bila magurudumu, chemli zilizovunjika, marundo ya magazeti, na juu ya vyote vumbi na vinyesi kama mchele uliomwagika.

Watu walisema mengi juu ya Mzee. Wengine walisema ni uchoyo, wengine wakasema kuna mambo ya kiganga mle ndani. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1960 na 1970 tunajua asili yake, kwa hiyo tuieleze ili vijana waache kucheka. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikaukiwa. Mnakumbuka foleni. Sabuni kwa kibali cha balozi, sukari kwa kibali, khanga ukiisikia imefika Tanga mjini unaota usiku. Tulikula unga wa Yanga, ule wa njano wa msaada. Mtu mwenye akili wakati ule hakutupa hata msumari uliopinda. Debe likitoboka linazibwa, tairi likiisha linakuwa katambuga. Mzee alikuwa fundi wa kuziba na kuunga, kijiji kizima kilipeleka vitu kwake. Halafu mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwenye sabuni katoni mbili aliogopa, watu wakatupa mali porini na mitoni usiku. Mzee alikuwa na mifuko minne ya saruji na sabuni, kavipata kwa jasho lake ili amalizie nyumba. Aliviingiza bandani, akapanga magunia mbele yake, akafunga kufuli. Tangu siku hiyo, asemavyo mwenyewe, kila alipotaka kufungua moyo ulimdunda. Akawa anapitisha vitu kwa dirishani, vinaingia havitoki.

Kwa hiyo mtu yule hakuwa mvivu. Alikuwa anaweka akiba kama sisi, isipokuwa hakuwa na daftari wala mgao wa mwisho wa mwaka.

Kikao cha kuamua kazi ile kilichemka. Wapo waliosema, tuache mashamba yetu tukazoe uchafu wa mtu bure? Hoja yao ilikuwa na uzito. Tukakubaliana na Mzee kwa maandishi ofisini kwa Mtendaji: sisi tunasafisha na kukarabati, tunatumia banda miaka mitano bila kodi, kisha tunazungumza upya. Na Mzee akaweka sharti lake moja, kwamba hakitoki kitu bila yeye kukiona.

Lakini kabla ya ufagio kulikuwa na jambo zito zaidi. Ndugu Mgeni Rasmi, wewe ni mgeni wilayani kwetu, pengine hukuliishi hili. Mwaka 1980 tauni iliingia Lushoto. Wengi wetu tulikuwa watoto. Mtu anashikwa homa, anavimba mtoki kinenani au kwapani, akichelewa dawa anazikwa. Ilirudi rudi kwa zaidi ya miaka ishirini, na mpaka kufikia mwaka 2004 watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua na mamia wamekufa. Ugonjwa huo unabebwa na viroboto wa panya. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamekuja huku miaka na miaka kuchunguza panya wetu. Ni huko huko Morogoro wanakofundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Panya wa Mzee hawakuwa na elimu hiyo.

Hivyo tulimwita bwana afya, na tunamshukuru, kwa sababu alituzuia tusifanye kile ambacho kila mtu angefanya, yaani kuweka sumu ya panya kisha kufagia. Alisema ukimuua panya kwanza, kiroboto hafi naye. Anamwacha akishapoa, anatafuta damu nyingine yenye joto, na hiyo ni wewe. Basi tukaanza na viroboto. Dawa ya unga ilipulizwa kwenye mashimo na njia za panya, tukasubiri. Ndipo ikawekwa mitego. Usiku wa kwanza mitego 12 ilinasa panya 11, na mmoja wa kumi na mbili aliondoka na mtego wake.

Na kufagia hatukufagia. Hili akina mama mlishike, maana kila mmoja ana stoo nyumbani. Vinyesi na mkojo wa panya vikikauka ukavitimua kwa ufagio unavivuta puani. Tulifungua mlango na madirisha, tukakaa nje kwanza hewa ibadilike. Kisha tukanyunyizia maji yenye Jik, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, tukaacha yaloe, tukazoa kwa koleo vikiwa vimelowa. Mabuti miguuni, glavu mikononi, pua zimefungwa. Wakati ule mwaka 2019 barakoa hatukuzizoea, tulichekana. Mwaka uliofuata Korona ilipokuja sisi tulikuwa tumeshahitimu.

Kazi ilichukua siku sita, wanawake 23. Mzee aliwekewa kiti mlangoni, shuka mabegani, na kila kitu kilipita mbele yake. Siku ya kwanza ilikuwa ngumu kweli kweli. Chupa isiyo na kizibo anasema iacheni, kizibo kitapatikana. Kizibo kisicho na chupa, iacheni. Mpaka adhuhuri rundo la kubaki lilikuwa kubwa kuliko la kutoka, na wenzetu wakaanza kunung'unika. Ndipo mkewe akaacha kubeba akakaa chini kando ya kiti chake, akawa anamuuliza kila kitu asili yake. Hii chemli ya nani? Ya marehemu kaka yako. Hii pampu? Tulipulizia kahawa. Akishasimulia, mkono unalegea, anasema haya, pelekeni. Tuligundua kwamba hakutaka vitu vipite kimya kimya kama takataka. Tukapunguza haraka, na ajabu, kazi ikaenda mbio. Jioni ya siku ya tatu yeye ndiye aliyekuwa anatuhimiza.

Saruji ile tuliikuta. Mifuko minne imekuwa mawe manne, hata alama za mshono wa mfuko zimebaki juu yake. Mzee aliyagonga kwa bakora yake akacheka mpaka akatoa machozi, na sisi hatukujua tucheke au tufanyeje. Mawe hayo ndiyo ngazi ya mlangoni mliyokanyaga leo. Sabuni panya waliila yote. Na ndani ya kopo la kakao kulikuwa na noti za shilingi mia zenye picha ya Mwalimu, zimetafunwa zikawa pumba. Mtunza Hazina wetu alishika lile kopo akanyamaza. Wiki iliyofuata bila kuambiwa na mtu alikwenda kukinunulia kisanduku chetu kufuli jipya la tatu, maana la zamani lilikuwa likifunguka ukilipiga ngumi.

Chuma chakavu kilipimwa kilo 340, tukapata shilingi 170,000, akakabidhiwa Mzee mkononi mbele ya wote. Wengine walitaka ziingie mfukoni kwetu kwa ajili ya mchanga na chokaa. Hapana. Mkataba ulisema banda, haukusema mali.

Sasa tuseme la sumu. Siku ya nne, nyuma kabisa, chini ya mrututu wa kahawa ulioganda, tulifikia kasha la mbao. Ndani yake kulikuwa na chupa za Thiodan na mfuko wa DDT uliochanika. Baadhi ya chupa zilikuwa zinavuja. Hapa palitokea mtihani. Habari zilitoka, na kabla ya jioni kijana mmoja wa mbogamboga alikuwa amefika na pesa taslimu, anataka chupa zote akapulizie kabichi. Eti dawa za zamani ndizo kali. Na fedha aliyotaja ingetosha kununua mchanga, chokaa na mbao za dari. Kikundi kilikuwa hakina senti ya ukarabati, tusifichane.

Dawa hizo zimepigwa marufuku kwa sababu haziozi upesi. Zinakaa kwenye udongo, kwenye samaki, kwenye maziwa ya mama. DDT iliwekwa kwenye mkataba wa dunia wa Stockholm mwaka 2001, ikaachwa kwa ajili ya mbu tu, na dawa iliyomo kwenye Thiodan ikaongezwa mwaka 2011. Bwana shamba alitusimulia habari za Vikuge kule Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali lilipokea msaada wa dawa za namna hiyo tani 170, zikawekwa kwenye banda lililo wazi, banda likaanguka, dawa zikabaki juani na mvuani miaka mingi mpaka zikaingia ardhini. Ukisikia hivyo unatazama bonde letu. Chini ya banda la Mzee kuna mfereji, na mfereji ule unamwagilia mboga za vijiji vitatu.

Kwa hiyo hatukuuza. Hatukuchoma, kwa maana moshi wake nao ni sumu, hatukuzika, wala hatukumwaga. Hata makopo matupu, mazuri ya kuwekea mafuta ya taa, hatukumruhusu mtu kuchukua. Tuliweka vyote ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko, pamoja na udongo uliolowa, tukafungia pembeni mbali na watoto. Pipa lilikaa miezi saba ndipo gari la wataalamu likaja kulichukua. Kijana yule alikwenda kutusema sokoni kwamba akina mama wana roho mbaya. Leo yeye ni mteja wetu wa maharage, hatutamtaja.

Ukarabati tuliuchanga wenyewe, shilingi 6,000 kila mwanachama, na zilizopungua tulikopa kwenye kisanduku kwa riba ile ile anayotozwa kila mtu. Mashimo ya panya tulizibia saruji yenye vipande vya chupa ndani yake. Magunia yanakaa juu ya vichanja, mbali na ukuta, upite na taa kuyazunguka. Julai 2019 tuliingiza magunia 41 kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na Desemba tukauza kwa bei tuliyoitaja sisi. Miaka mitano ya mkataba ilikwisha mwaka 2024. Tuliongea upya na sasa Mzee analipwa kodi kila msimu. Alianza kwa kuomba alipwe debe la maharage. Mkewe, ambaye ni mwanachama, akasema alipwe fedha, maharage wanayo.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja. Banda lile si peke yake. Katika milima hii ziko stoo nyingi za wazee waliolima kahawa, na ndani yake zimo chupa kama zile. Wengine wanaogopa kuzitaja wasije wakakamatwa, kama Mzee alivyoogopa mwaka 1983. Tunaomba wilaya ipange gari lipite kijiji hadi kijiji, na itangazwe kwamba anayetoa haulizwi alizipata wapi.

Baada ya chakula Mtunza Hazina atafungua ghala, wageni mtaingia kumi kumi. Watoto wasipande kwenye vichanja. Mzee naye ameomba tuwaambie kwamba ile baiskeli iliyotundikwa ukutani siyo ya kuuza, magurudumu anayatafuta.