MKUNGA MGENI NA JEMBE LAKE

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mkunga atokaye ng'ambo, aingiapo katika wodi ya wazazi yenye watumishi wachache, hukabidhiwa jembe saa ile ile ya kwanza. Uchungu wa uzazi haungoji watu wajuane. Swali ni hili: aondokapo, jembe hilo hushikwa na nani?

Mwezi wa Mei 2006, Serikali ya Burundi ilitangaza kwamba akina mama watazaa bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya umma. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, kama vile Cibitoke, Kinama na Kamenge, ulimwondolea mzazi maskini hofu ya kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Hata hivyo, mlango hufunguliwa kwa siku moja, lakini mkunga hafundishwi kwa siku moja. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliitaja Burundi miongoni mwa nchi 57 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya.

Katika hali hiyo msaada wa wageni ulikuwa wa lazima. Huko Kabezi, kusini mwa jiji, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianzisha mwaka 2006 kituo cha dharura za uzazi. Wageni na wenyeji walifanya kazi bega kwa bega, na magari ya wagonjwa yaliwafuata wazazi katika vituo vya vijijini. Maisha mengi yaliokolewa.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili. Mkunga mgeni anayemtibu peke yake huokoa maisha usiku ule. Yule anayemsimamia mwenzake mwenyeji hata naye akaweza, huokoa maisha katika siku nyingi zijazo. Tena mzazi wa Cibitoke huulizwa na hujibu kwa Kirundi au Kiswahili. Mgeni asiyezijua lugha hizo ni mwanafunzi wa mwenyeji wake.

Takwimu za nchi zinaonyesha kwamba vifo vya wazazi vilipungua kutoka 500 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, katika uchunguzi wa mwaka 2010, hadi 334 katika ule wa 2016-2017. Hayo ni maendeleo, lakini idadi hiyo bado ni msiba.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hajapona ikiwa mgeni akifunga mizigo yake wodi inabaki tupu. Kumsomesha mkunga wa nchi, kumlipa mshahara unaomtosha na kumpa wenzake wa kupokezana naye zamu ni wajibu usioweza kuachiwa wageni.