Nani Anamtafsiria Mwanao?



Msimu wa korosho ufikapo, huku kwetu Masasi na Newala, fedha huingia mifukoni na vibanda vya video hujaa. Watoto hubanana juu ya mabenchi, au huinamia simu moja, wakitazama sinema za lugha wasiyoielewa. Ndipo sauti ya mtafsiri huwafumbulia. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo. Alieleza, alichekesha, akaongeza na yake, na watu wakaipenda filamu kwa sababu ya sauti yake.

Sisemi kwamba sinema ni dhambi. Kicheko nacho ni kipaji cha Mungu. Lakini nakuuliza, mzazi: mwanao anapomwona mtu akiua watu kumi na kushangiliwa, nani humweleza maana yake?

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, towashi wa Kushi alisoma kitabu cha Isaya garini bila kuelewa. Filipo hakumnyang'anya kitabu. Alikaribishwa, akapanda, akaketi naye, akamfafanulia.

Wazazi na makatekista, tumezoea kukataza na kufunga mlango, naye mtoto huchungulia dirishani. Juma hili tuketi naye. Tutazame pamoja, kisha tumwulize: Yule aliyeanguka pale ni mwana wa nani? Nani alimlilia?

Tusipomtafsiria sisi, mwingine atamtafsiria.

Mungu awabariki. Amina.