Silinda Sita si Lazima Ziingie Gari Lako
Hotuba kwa wenye magari, madereva na mafundi



Injini ya Land Cruiser ikifa, mwenyewe hana muda wa kungoja. Gari lililosimama halilipi karo. Siku hiyo hiyo huanza kuulizia Grogan, Nairobi, na jibu la simu huwa fupi: silinda sita ipo, leta pesa.

Silinda sita ni idadi tu. Haisemi kama injini itaingia.

Mfano ulio karibu ni 1HZ, injini ya dizeli ya cc 4,164 ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Inapatikana kwenye Land Cruiser nyingi za polisi, ambulensi na mizigo humu nchini. Inapatikana pia kwenye mabasi ya Coaster, kwa hivyo muuzaji hadanganyi akisema ni 1HZ. Lakini kwenye Coaster injini imekaa chini ya sakafu, na kwenye Land Cruiser iko juu ya ekseli ya mbele yenye difu. Sampu ya basi ikiachwa, inaweza kugongwa na ekseli gari likiingia shimo. Fundi anayejua kazi huvua sampu, bomba la kunyonya oili na mauntini kutoka injini ya zamani na kuzifunga kwenye mpya. Ndiyo maana injini iliyokufa haifai kuuzwa kama chuma chakavu kabla mpya haijawaka. Wengi huiuza asubuhi ili kuongezea nauli ya fundi, na jioni wanatafuta sampu.

Kuna pia stata. Injini nyingi za dizeli zilizotumika Japani zina stata ya volti 24. Gari la volti 12 litaizungusha kwa uvivu, na lawama itaangukia pampu ya dizeli isiyo na kosa.

Ndugu yake, 1HD-T, ina pistoni za upana ule ule wa milimita 94. Hata hivyo ina turbo na hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, ilhali 1HZ huipuliza kwenye chemba ndogo ya pembeni. Silinda hedi na pampu zake hazibadilishani.

Kwa petroli, kama 1JZ ya Mark II na Crown, shida ni waya. Kompyuta ya 1JZ ya zamani haiendeshi ile ya VVT-i. Injini inunuliwe pamoja na kompyuta na waya zake zote, zisizokatwa.

Baada ya gari kuwaka, kazi inabaki kwenye karatasi. Namba ya injini iliyo kwenye logibuku si ile iliyo kwenye gari tena, na polisi akizilinganisha ana sababu ya kushuku wizi. Mnunuzi naye atakimbia. Mwenye gari anatakiwa kuomba NTSA ibadilishe taarifa za gari, kupitia eCitizen, na gari likaguliwe. Bila stakabadhi ya kununua injini, ombi hilo ni gumu.

Namba imechongwa kwenye bloku, mara nyingi chini ya grisi. Ifutwe, isomwe kwa tochi na iandikwe kwenye stakabadhi kabla pesa hazijatoka mfukoni.