Tarehe Isiyobadilika: Riale ya Maria Theresa na Namna Tunavyozithamini Sarafu Kongwe za Fedha



Mhadhara huu umechokozwa na maelezo mafupi niliyoyasoma katika orodha ya mnada wa sarafu huko Ulaya. Juu yake palikuwa na picha ya riale ya Maria Theresa yenye kitanzi kilicholehemiwa utosini mwa malkia. Mwandishi wa orodha alihukumu kwamba kipande kile ni chapa ya baadaye yenye tarehe isiyo ya kweli, kwamba kimeharibiwa, na kwamba thamani yake haizidi fedha iliyomo. Hukumu hiyo ingekuwa ya mtu mmoja tu, ningeipuuza. Lakini hukumu hiyo hiyo nimeisikia kwa wauza sarafu wa Mombasa, kwa masonara wa Mji Mkongwe, na hata kwa wenzetu wenye shahada za historia. Kwa sababu yake, riale zinayeyushwa. Naona ni kosa, na nitatumia muda mwingi wa jioni hii kueleza kwa nini.

Jinsi fedha hii ilivyoingia pwani yetu pamoja na biashara ya pembe, karafuu na watumwa sitaisimulia. Profesa Abdul Sheriff aliueleza uchumi huo kwa kina katika kitabu chake cha 1987, na wengi mliomo humu mmekisoma. Nianze na sarafu yenyewe.

Riale ina upana wa takriban milimita 40 na uzito wa gramu 28.07. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha, yaani gramu 23.39 za fedha halisi. Upande wa uso yupo Maria Theresa amejitanda ushungi wa mjane, kwani mumewe alifariki mwaka 1765. Begani ana kishikizo kilichozungushiwa lulu, na chini ya bega zimo herufi mbili, S na F. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili aliyebeba ngao kifuani, na pembeni mwake mwaka: 1780. Kisha igeuzeni muitazame ukingoni. Humo yamechongwa maneno ya Kilatini ya kaulimbiu yake, haki na huruma, yakitenganishwa na mapambo madogo. Mwenye kutaka kuijua riale aanzie huko ukingoni, maana waghushi wengi huuiga uso vizuri kisha wakashindwa na ukingo.

Sasa hiyo tarehe. Maria Theresa alishika utawala wa Austria mwaka 1740 na kufariki Novemba 1780. Viwanda vya kuchapa sarafu vya Austria viliendelea kutoa sarafu ile ile, kwa sura ile ile na mwaka ule ule, na Vienna ingali ikiichapa hata leo. Austria yenyewe iliacha kuitambua kama sarafu halali ya nchi mwaka 1858. Kwa hiyo riale nyingi sana zilizopita mikononi mwa babu zetu zilichapwa baada ya malkia kuzikwa. Hilo ni kweli na halina ubishi. Makosa yanaanza pale mtu anapoisoma tarehe ya sarafu kama cheti cha kuzaliwa, kisha akatangaza kwamba cheti kimeghushiwa.

Nani aliyeisimamisha tarehe ile? Wafalme wote wapya hupenda kuweka sura zao kwenye sarafu, na warithi wa Maria Theresa walifanya hivyo kwa matumizi ya nyumbani kwao. Kwa biashara ya Bahari ya Shamu hawakuweza. Mfanyabiashara wa Yemen, wa Uhabeshi au wa Zanzibar alikuwa ameshaizoea sura moja. Alizitazama lulu za kishikizo kama zimetokeza, akautazama ushungi, akapitisha kidole ukingoni, na iliyomtia shaka aliirudisha. Kiwanda cha Vienna kikamtii. Mwaka 1780 umebaki pale kwa sababu wanunuzi wa huku walikataa mwaka mwingine wowote, na mimi nausoma kama muhuri wao. Anayeuita uongo anawaondoa wanunuzi hao katika historia na kumbakiza malkia peke yake.

Nipeni nafasi nikae kidogo na hizo herufi S na F, maana nazipenda kupita kiasi. Ni za maofisa wawili, Schöbl na Faby, wa kiwanda cha Günzburg, mji mdogo kando ya mto Danube. Mji huo ulitoka mikononi mwa Austria mwaka 1805 na kiwanda kikafungwa. Herufi hazikuondoka. Zimo katika riale za Vienna, za Venice na za Milan. Mwaka 1935 Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alijipatia kutoka Austria haki ya kuichapa riale kwa miaka 25, na Roma nayo ikazichonga S na F. Waingereza hawakukubali biashara yao ikwame kwa kukosa riale, wakaanza kuichapa London mwaka 1936. Paris na Brussels nazo ziliichapa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata Bombay ilizichapa. Yaani mafundi wa Kihindi mwaka 1940 walikuwa wakichonga kwa uangalifu herufi za maofisa wawili wa mji wa Danube, na mnunuzi wa Sana'a asingezipokea sarafu zao bila herufi hizo.

Hapo ndipo hoja ya pili ya wapinzani wangu, kwamba riale zote ni sawa, inapoanguka. Mwaka 1972 Michael Broome alichapisha katika jarida la Numismatic Chronicle la London makala inayozipanga chapa za baadaye za 1780, na kama kuna maandishi ninayoyarudia kila mwaka ni hayo. Anamfundisha msomaji kuhesabu manyoya ya mkia wa tai, kulinganisha umbo la kishikizo, kupima ukubwa wa herufi, kutazama nukta ziko wapi, kuchunguza mapambo ya ukingo, na kutokana na hayo kukitambua kiwanda na kukisia kipindi. Kwa macho yaliyozoea, sarafu mbili ambazo muuzaji amezitupa katika bakuli moja zinaweza kuwa zimepishana kwa miaka 100 na kutoka katika nchi mbili. Maabara nazo husaidia: fedha iliyosafishwa kwa njia za zamani mara nyingi hubaki na chembe za dhahabu ambazo usafishaji wa kisasa wa umeme huziondoa. Mkusanyaji anayelipia riale zote kwa bei ya mizani anamwachia mwenzake mwenye lenzi faida yote, na ndivyo inavyotokea.

Watu wengine huniletea sarafu za marehemu wazee wao wakitaka tu kujua kama ni fedha. Nawajibu upesi. Rupia ya Wajerumani wa Afrika Mashariki, ile yenye Kaiser aliyevaa kofia ya chuma, ina gramu 11.66 na karibu yote ni fedha, sehemu 917 kwa 1,000, sawa na rupia ya India. Florini ya Afrika Mashariki ya 1920 ni nusu fedha. Shilingi yenye simba ya tangu 1921 hadi 1946 ni robo tu, chini ya gramu mbili za fedha halisi. Tangu 1948 haina fedha kabisa. Mizani ya sonara hutosha kwa maswali hayo.

Lakini mizani haitoshi kwa swali la thamani, na mfano mzuri ni riale ya Sayyid Barghash. Ilichapwa Ubelgiji ikiwa na mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882 hivi, kwa maandishi ya Kiarabu yenye jina la Sultani wa Zanzibar. Ni sarafu nzuri, ya kwetu, yenye tarehe ya kweli. Haikudumu sokoni. Watu waliendelea na Maria Theresa na rupia ya India, na hatimaye rupia ndiyo iliyotawala Zanzibar mpaka shilingi ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Leo riale ya Barghash ni adimu, na wakusanyaji huigombania. Nami naipenda na natamani kila makumbusho yetu yawe nayo. Ila tazameni soko linalipa nini hapo. Linalipia uchache, na uchache umetokana na kukataliwa. Sarafu iliyokubaliwa na watu kwa vizazi inauzwa kwa uzito, na iliyoshindwa kukubalika inauzwa kwa heshima. Mwanahistoria hawezi kuuchukua mpangilio huo wa bei akaufanya kuwa mpangilio wa umuhimu.

Kukubaliwa kwenyewe kulikuwa kwa namna gani? Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa akitawala India kwa niaba ya Malkia wa Uingereza, aliamua ugomvi wa wana wa Sayyid Said, aliyetawala Maskati na Zanzibar: Zanzibar ijitegemee, na kila mwaka ilipe Maskati riale 40,000. Wanafunzi hukariri tarakimu hiyo na kuipita. Hebu ipimeni. Ni takriban kilo 1,123 za sarafu, zaidi ya tani nzima, na ndani yake takriban kilo 936 za fedha halisi. Utengano wa dola mbili uliandikwa kwa sarafu ya mwanamke aliyekuwa amekufa miaka 80 kabla, na pande zote mbili zilijua hasa ni kipande gani kinachotajwa.

Nije kwenye lile neno la mwandishi wa orodha, "kimeharibiwa". Bibi yangu mzaa mama, wa Wete, Pemba, alikuwa na riale ya kitanzi aliyoivaa kwa mkufu siku za arusi na sikukuu, na siku nyingine ilikaa kashani pamoja na udi. Upande wa malkia umelika mpaka pua haionekani, kwa kusuguana na nguo. Upande wa tai ni mzima, kila unyoya unahesabika. Nilipojifunza kwa Broome kusoma mkia, niligundua kuwa ni chapa ya Venice, kwa hiyo ni ya kabla ya 1866, mwaka ambao Austria iliupoteza mji huo. Kipande kimoja kinasema kilikotoka kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili kinasema kiliishi vipi kwetu. Katika orodha ya mnada kingeandikwa kwamba kina kitanzi na kimechakaa, basi.

Alama zinazotumika kutoa hukumu hiyo, za kuanzia 1 hadi 70, zina asili yake. Zilibuniwa na Mmarekani William Sheldon na kuchapishwa mwaka 1949 katika kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani. Alikusudia alama ziendane na bei: senti ya alama 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya alama 1. Kipimo cha bei ya senti za nchi moja, katika miaka ile, kimegeuzwa kuwa kipimo cha sarafu zote za dunia, na kwa kipimo hicho tundu, kitanzi na mng'ao wa kusuguliwa ni dosari zinazoitoa sarafu mashindanoni. Kwa senti za Philadelphia, sawa. Kwa fedha iliyofika Pemba, Lamu au Maskati ikageuzwa pambo, mahari na akiba ya mwanamke, kipimo hicho kinafuta kile hasa tunachokitafuta. Riale isiyo na mkwaruzo wowote mara nyingi ni ile ambayo haikuwahi kusafiri.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito na siikwepi. Tundu linaweza kutobolewa jana, na hadithi ya bibi inaweza kutungwa na muuzaji. Kweli. Ndiyo maana ushahidi uchunguzwe kama ushahidi mwingine wowote. Tundu la zamani lina kingo laini na limevutika kuelekea juu, uzito uliponing'inia, na tundu jipya lina makali. Kitanzi cha zamani kina risasi ya kulehemu iliyochakaa sawa na sarafu yenyewe. Nakubali pia kwamba sarafu iliyosuguliwa kwa limau na majivu hadi ikang'aa imepoteza kitu kisichorudi, na nawasihi wenye nazo: ule weusi msiuguse. Hata baada ya kukubali yote hayo, nashikilia kwamba riale iliyovaliwa, ikijulikana ilikotoka, inastahili kuthaminiwa juu ya ile iliyolala ndani ya mfuko wa benki ya Vienna.

Ugunduzi wa Mtambwe Mkuu unaniunga mkono. Mwaka 1984, huko huko Pemba, wanaakiolojia walifukua sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo mno, zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za dola ya Fatimiya za karne ya 11. Zingeokotwa moja moja na kuuzwa kwa gramu, zisingenunua hata tiketi ya boti. Kwa kuwa zilipatikana pamoja, mahali panapojulikana, zimetuonesha kuwa watu wa pwani walichapa fedha yao wenyewe karne nyingi kabla ya Barghash.

Kwa hiyo ombi langu kwa chuo hiki na kwa makumbusho yetu ni dogo na halina gharama. Kabla riale haijaingia kwenye kalibu ya sonara, ipigwe picha pande zote mbili na ukingoni. Ipimwe uzito hadi sehemu ya mia ya gramu. Manyoya ya mkia yahesabiwe, kishikizo kielezwe, tundu na kitanzi viandikwe, na mwenye nayo aulizwe aliyeivaa alikuwa nani, wa mji gani, na aliipata kwa nani. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wameshaanza kukaa madukani na lenzi na mizani, kwa idhini ya masonara wenyewe, ambao wamekuwa wakarimu sana. Mwenye riale kashani mwake namwomba asiende kwa mnunuzi kabla ya kupita kwetu idarani, chumba kiko wazi kila siku ya kazi.